Mpaka uliopimwa mwezi wa nane: uchambuzi wa kisa cha kinamasi kando ya Ziwa Kivu

Kisa hiki kilitokea kwenye ghuba ndogo ya Ziwa Kivu, si mbali na Bukavu, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Majina ya watu, ya kijiji na ya ofisi zilizohusika yameondolewa, na miaka haikutajwa. Kimeandikwa kwa ajili ya wanasheria, wapimaji wa ardhi na wakuu wa vijiji ambao, kama sisi wa ofisi ya msaada wa sheria tuliokishughulikia, wanaulizwa swali lile lile kila mara mtu anaponunua ardhi karibu na maji: kinamasi kinaishia wapi, na nani anayesema kinaishia pale?

Mazingira ya kisa

Ghuba yenyewe ni nyembamba. Mwishoni mwake, vijito viwili vinaposhuka kutoka vilimani, pana kinamasi ambacho wazee wa pale walikikuta walipozaliwa. Upande wa ziwa mafunjo yamesimama ndani ya maji mwaka mzima. Kadiri unavyopanda yanapungua na kuyaachia nafasi matete, kisha majani mafupi, kisha migomba. Hakuna ukingo wala mwamba. Ardhi inapanda polepole mno, hata mtu anayetembea kutoka majini hadi migombani hawezi kusema ni hatua ipi iliyomtoa kinamasini. Mgogoro wote ulizaliwa na mteremko huo mpole.

Mvua za kwetu huanza mwezi wa tisa na kuendelea hadi mwezi wa tano; kiangazi ni miezi ya sita, saba na nane. Uso wa Ziwa Kivu uko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na maji yake hutoka kwa mto Ruzizi, penye bwawa la umeme lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ziwa hufikia kimo chake kikubwa karibu na mwisho wa mvua, kisha hushuka kiangazi kinapoendelea. Kwa anayetazama ukuta wa bandari, tofauti hiyo ni ndogo. Lakini mahali ambapo ardhi inapanda sentimita moja tu kwa kila mita, maji yakiongezeka sentimita 40 huingia nchi kavu mita 40, na mita 40 ni kiwanja kizima.

Wanawake 32 wa kijiji walikuwa wakilima sehemu ya juu ya kinamasi kila kiangazi. Walipanda mashu (kabichi) na lenga-lenga (mchicha) kwenye matuta, wakavuna, kisha wakayaachia maji eneo hilo mvua ziliporudi. Walilipata kwa bwasa, yaani ukodishaji wa muda mfupi wa desturi ya Bushi, nchi ya Washi, wakilipa kila msimu kwa familia iliyokuwa na ardhi hiyo kwa kalinzi. Kalinzi ni haki ya kudumu zaidi inayopatikana kwa kumtolea Mwami, mtawala wa kijadi, au mwakilishi wake ng'ombe au thamani yake. Makubaliano haya hayakuandikwa popote. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, inayosema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, iliahidi katika kifungu chake cha 389 kwamba haki za wanaokaa kwenye ardhi za kijadi zingepangwa na amri ya Rais. Amri hiyo haikutolewa, na wanawake hawa wanaishi ndani ya pengo hilo.

Yaliyotokea

Katika mwaka wa kwanza wa kisa, mrithi wa familia yenye kalinzi aliuza eneo hilo kwa mfanyabiashara wa mjini. Mnunuzi hakuwa mnyang'anyi, na ni lazima hilo lisemwe wazi. Alilipa, akaomba kupimiwa, akafuata kila dirisha aliloelekezwa. Mpimaji alifika mwezi wa nane, wakati ziwa limeshuka, akasimika mawe mawili ya chini kwenye ukingo wa maji kama alivyoukuta siku hiyo. Kiwanja kilipata upana wa mita 80 na urefu wa mita 140, jumla hekta 1.12, na kwenye mchoro mpaka wa chini uliandikwa neno moja: «ziwa». Ripoti ya uchunguzi ilisema kwamba ardhi ilikuwa tupu, kwa kuwa hapakuwa na nyumba. Mashu yaliyokuwa yamesimama kwenye matuta hayakuandikwa.

Mwezi wa pili uliofuata mnunuzi akapewa hati ya usajili. Mwezi wa sita, njia ilipokauka, kamyoni zilianza kumwaga mawe na udongo kutoka upande wa barabara kushuka chini. Kina mama walikwenda kwa mkuu wa kijiji, kisha wakaja kwetu. Tuliandikia mamlaka ya eneo, tukitaja sheria ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu misingi ya ulinzi wa mazingira, ambayo inadai kwamba kazi inayoweza kuharibu mazingira itanguliwe na uchunguzi wa athari zake. Kazi ikasimamishwa hadi uchunguzi huo utolewe. Wakati huo kifusi kilikuwa kimefunika karibu robo ya kiwanja kwa kimo cha mita moja na zaidi.

Mvua ziliporudi, kijito kimoja kilikuta njia yake imezibwa, kikaingia katika nyumba mbili za majirani ambao hawakuwa wameuza wala kununua chochote.

Uamuzi wa kwanza: mahakama au shamba

Katika nchi yetu hati ya usajili ni ushahidi mzito kuliko karatasi nyingine yoyote ya ardhi, na miaka miwili ikishapita tangu itolewe, kuivunja ni kazi ngumu sana. Sisi tulikuwa na muda usiofika miaka miwili. Wenzangu wawili walitaka tufungue kesi mara moja. Mimi nilishikilia kwamba tukifika mbele ya hakimu bila mpaka mkononi, tutakuwa tunampinga mtu mwenye mchoro uliopigwa muhuri kwa maneno matupu ya «hapa ni majini». Tukakubaliana njia ya katikati: mashtaka yaandikwe na yawekwe tayari, tarehe ya mwisho iandikwe ukutani, na nguvu yote iende kwenye kupima upya.

Uamuzi wa pili: kinamasi ni nini kisheria

Hapa ndipo tulipotumia muda mrefu zaidi, na sijutii hata siku moja yake.

Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini nchini Iran tarehe 2 Februari 1971 na ambao Kongo iliingia mwaka 1996, una maana pana sana ya ardhi oevu: vinamasi, ardhi za mboji na maeneo ya maji, ya asili au ya kutengenezwa, ya kudumu au ya muda, yaliyotulia au yanayotiririka, matamu au ya chumvi, pamoja na maji ya bahari ambayo kina chake hakizidi mita sita wakati wa kupwa. Mkataba unazitaka nchi zitumie kwa busara ardhi oevu zote zilizo ndani ya mipaka yao, hata zisizo kwenye orodha ya maeneo maarufu kama Hifadhi ya Virunga. Kwa maana hiyo kinamasi chetu kilikuwa ardhi oevu bila shaka yoyote. Lakini maana hiyo inakuambia kitu ni nini. Haikuambii kinakoma wapi. Huwezi kusimika jiwe la mpaka kwa neno «ya muda».

Sheria yetu ya 1973 inatoa mstari, ila ni mstari wa kitu kingine. Inaweka kitanda cha kila ziwa katika milki ya umma, na inakipimia kwa kimo kikubwa cha kawaida ambacho maji hufikia bila kufurika. Ardhi ya milki ya umma haiwezi kutolewa kwa mtu kama konsesyo, yaani haki ya kutumia ardhi ya Serikali, mpaka iondolewe rasmi katika matumizi hayo. Kwa hiyo sehemu iliyo chini ya kimo hicho ilikuwa imetolewa kimakosa. Kinamasi kilicho juu ya kimo hicho, ambacho kinaloa kwa maji ya vijito na ya chini ya ardhi bila kufunikwa na ziwa, hakikupata mstari wake humo.

Mjini watu wengi hutaja mita kumi, na majirani wa nchi yetu wana hesabu zao: Tanzania iliweka mita 60 katika sheria yake ya mazingira ya 2004, Rwanda mita 50 kutoka ziwani katika ile ya 2005, na Uganda katika kanuni zake za 2000 iliweka mita 200 kwa maziwa makubwa kama Victoria na mita 100 kwa mengine. Umbali wa namna hiyo una faida: mkulima anaweza kuupima kwa kamba. Lakini kila kamba ina mwanzo. Mita 60 kutoka wapi? Ukianzia kwenye ukingo wa mwezi wa nane unapata jibu moja, ukianzia kwenye ule wa mwezi wa tano unapata lingine, na kwetu tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo iliyokuwa mgogoro.

Msaada tuliupata kwenye njia ya Marekani, ambako wahandisi wa jeshi walitoa mwaka 1987 mwongozo wa kuchora mipaka ya ardhi oevu kwa alama tatu: maji yanayokaa juu au karibu na uso wa ardhi kwa muda wa kutosha, mimea inayozoea kuloa, na udongo uliobadilika kwa kukosa hewa. Kwa kawaida alama zote tatu zinatakiwa. Kwenye pwani ya California, mamlaka inayosimamia sheria ya pwani ya 1976 inaridhika na alama moja, na kwa sababu hiyo mpaka wake unapanda juu zaidi. Mahali ni pale pale, mvua ni ile ile, lakini mstari unahama kwa kubadilisha hesabu ya alama. Ndiyo maana anayechora mpaka lazima aseme kwanza anatumia hesabu ipi, kabla ya kuchukua jembe.

Sisi tulichagua alama mbili kati ya tatu, udongo ukiwa lazima. Kudai tatu kungemzawadia aliyekwisha kufyeka na kufunika mimea. Kuridhika na moja kungeingiza hata shamba la migomba lililoloa kwa mvua ya jana.

Uamuzi wa tatu: msimu

Hapa nakiri kosa letu. Ziara yetu ya kwanza ya upimaji tuliifanya mwezi wa saba, mara tu kazi iliposimamishwa, kwa sababu tuliona haraka ni nguvu. Matete yalikuwa yamekatwa, majani yamechomwa kwa ajili ya kilimo, ardhi imepasuka kwa jua. Ripoti tuliyoandika ilijaa maneno kama «inaonekana» na «yasemekana», na wakili wa mnunuzi aliichambua mstari kwa mstari hadi hapakubaki kitu. Alikuwa na haki. Tulimlaumu mpimaji kwa kupima kiangazi, nasi tukapima kiangazi.

Tulisubiri hadi mwezi wa tano uliofuata. Kusubiri kulikuwa na gharama: kina mama walipoteza msimu mzima katika sehemu iliyofunikwa, na tarehe yetu ya mwisho ilizidi kukaribia. Lakini safari hii tuliwaalika wote kwa barua: mpimaji yule yule, mnunuzi na wakili wake, mkuu wa kijiji, mwakilishi wa Mwami, na wanawake watatu waliochaguliwa na wenzao.

Siku ya mashimo

Tulinyoosha kamba tatu kutoka majini hadi migombani, na kwenye kila kamba tukachimba shimo kila baada ya mita kumi, kina cha sentimita 50. Kila shimo lilisubiriwa nusu saa kabla ya kuandikwa chochote.

Katika mashimo ya chini maji yalipanda hadi karibu na uso tukiwa bado tumeshika jembe. Udongo uliotoka ulikuwa wa kijivu kinachoelekea buluu, unanata kama ugali mbichi, na ulitoa harufu ya yai bovu. Juu kidogo maji yalikuwa yakijikusanya polepole, na kwenye bonge la udongo lililovunjwa kwa mkono zilionekana nyuzi za rangi ya kutu zikifuata njia za mizizi ya zamani. Rangi hiyo hutokana na chuma kilichomo udongoni. Maji yakikaa, hewa inakosekana na kutu inayeyuka, udongo unabaki kijivu. Maji yakishuka, hewa inapenya kupitia mizizi na kutu inarudi mahali hapo tu. Udongo huweka kumbukumbu ya maji hata wakati ambapo maji hayapo, na ndiyo sababu tuliufanya kuwa alama ya lazima. Katika shimo la kumi la kamba ya katikati, udongo ulikuwa mwekundu wote, mkavu, bila doa.

Mama mmoja kati ya wale watatu, aliyezidi miaka sabini, alikuwa akitembea mbele yetu bila kutazama mashimo. Alisimama, akapiga ardhi kwa kisigino, akamwambia mpimaji: «Mwanangu, hapa chini maharagi inaoza. Hapa juu inakomaa.» Mpimaji alichomeka kijiti pale. Tulipomaliza mashimo yote, kijiti cha mama kilikuwa hatua nne kutoka mahali ambapo udongo ulibadilika. Mpimaji aliinama, akamshukuru kwa mikono miwili, na tangu dakika hiyo mjadala ulikuwa na sauti nyingine.

Kwenye kifusi tulilazimika kuchimba zaidi ya mita moja ili kufikia ardhi ya zamani. Chini yake tulikuta zulia la mizizi ya mafunjo, jeusi, limebanwa lakini halijaoza. Mnunuzi aliliangalia kwa muda mrefu.

Matokeo yaliandikwa siku hiyo hiyo na kutiwa saini na wote. Kutoka mawe ya chini hadi ukingo wa maji wa mwezi wa tano, mita 34. Kutoka hapo hadi mwisho wa udongo wa kinamasi, mita 58. Kutoka hapo hadi barabarani, mita 48 za ardhi kavu. Wakili wa mnunuzi aliuliza, kwa haki, kama mwaka huo haukuwa wa mvua nyingi kuliko kawaida. Tulilinganisha na vipimo vya kimo cha ziwa vya miaka sita vilivyopatikana, pia na mti ambao wavuvi wa sambaza, samaki wadogo wa ziwa hili, hufungia mitumbwi mwisho wa mvua. Ukingo wa siku hiyo ulikuwa ndani ya kawaida.

Matokeo

Mazungumzo yalichukua miezi minne, na mengi yake hayana la kufundisha. Kilichokubaliwa ni hiki. Mita 34 za chini, karibu hekta 0.27, ziliondolewa kwenye hati na kurudi katika milki ya umma. Mita 58 za kinamasi zilibaki kwenye hati, kwa sharti lililoandikwa kwamba hazitafunikwa wala kujengwa. Kifusi kiondolewe hadi njia ya kijito ifunguke, na kina mama walime kwa mkataba wa maandishi wa miaka mitano. Ardhi kavu, karibu hekta 0.38, ni ya mnunuzi kujengea bila kuulizwa. Mashtaka yetu hayakufunguliwa.

Sehemu ya kifusi ingali pale, kwenye pembe ambayo kamyoni haziwezi kurudi. Nyumba moja kati ya mbili zilizofurika bado inaingiwa na maji mvua kubwa ikinyesha. Mrithi aliyeuza hakurudisha hata dola moja ya sehemu ambayo hakuwa na haki ya kuuza. Nao kina mama, ambao zamani walilipa bwasa kwa familia ya kijiji, sasa wanalipa kwa mtu wa mjini. Kiasi hakikuongezeka, lakini baadhi yao waliniambia wazi kwamba hilo linawauma.

Kilichofanikiwa na kilichoshindikana

Lililotusaidia kuliko yote ni kukigawa kiwanja katika sehemu tatu zenye hali tatu za kisheria. Tulipofika, kila upande ulikuwa na neno moja kwa hekta nzima: mnunuzi alisema «yangu», kina mama walisema «maji». Mstari mmoja ungemfanya mmoja apoteze vyote. Mistari miwili iliacha kila mtu na kitu cha kushika, na kila mstari ulikuwa na chanzo chake: wa chini ulitoka kwenye sheria ya kitanda cha ziwa, wa juu ulitoka kwenye udongo.

La pili ni saini za pamoja shimoni. Ripoti yetu ya kwanza ilikuwa ripoti yetu. Ya pili ilikuwa ya watu wote waliochafuka matope siku ile, na mpimaji aliyesimika mawe ya kwanza ndiye aliyeandika kwa mkono wake kwamba yahamishwe. Hakuaibishwa na mtu. Naamini kama tungemleta mtaalamu mwingine kumsahihisha, angetetea mchoro wake hadi mwisho.

Tulishindwa kwa kutopiga picha kabla ya kifusi kuenea, ingawa kina mama walitujulisha siku za kwanza kabisa. Tulichelewa kumwalika mwakilishi wa Mwami. Katika ziara ya kwanza hakuwepo, na wiki kadhaa zilipotea kwa sababu hiyo, maana hakuna anayeweza kueleza kalinzi na bwasa za mahali kwa niaba yake. Tena, kwa kuwa tulimaliza kwa maafikiano, hakuna hukumu ambayo wakili mwingine anaweza kuinukuu kesho. Nilitaka hukumu, kina mama walitaka kulima kabla ya mwezi wa sita. Walioamua ni wao, na ilikuwa haki yao.

Kuna upungufu mwingine ambao bado unanisumbua. Mstari wetu unaanzia kwenye jiwe la kiwanja hiki na kuishia kwenye jiwe la kiwanja hiki. Mafunjo yanaendelea pande zote mbili. Jirani wa upande wa kaskazini ameomba kupimiwa, na ofisi imempangia siku ya mwezi wa nane. Tumepeleka barua, tumeambatanisha ripoti ya mashimo, na tumeomba kazi hiyo isogezwe hadi mwezi wa tano.